Kwa anayeanza kupiga Satie

Wanafunzi wapya wa piano wakiniomba niwafundishe muziki wa Kifaransa, wengi huitaja Gymnopédie ya kwanza, kipande cha piano cha mtunzi Erik Satie. Wameisikia kwenye filamu au tangazo, na wakiifungua karatasi wanakuta noti chache zinazokwenda polepole. Hapo wanaamini wataimaliza wikendi hii. Naupenda sana muziki huu, na ndiyo maana nataka uuanze vizuri.

Satie aliziandika Gymnopédie tatu mwaka 1888, akiwa na miaka 21, kijana wa Honfleur aliyehamia Montmartre, mtaa wa Paris uliojaa vilabu na wachoraji. Juu ya ile ya kwanza aliandika kwamba ipigwe polepole na kwa uchungu. Zingatia maneno yote mawili. Polepole peke yake inaweza kusinzisha watu.

Ugumu uko mkono wa kushoto. Pigo la kwanza ni noti moja ya chini ya besi, la pili ni noti kadhaa za pamoja kule juu, kisha unarudi chini. Kuruka huko kunaendelea tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa muziki ni mtulivu, kila noti iliyogongwa kwa pupa inasikika. Hakuna pa kujificha. Kwa hiyo mkono wa kulia uweke pajani siku za mwanzo. Gusa besi, uhamishe mkono mara moja hadi juu ya vitufe vinavyofuata, utulie hapo ukisubiri pigo la pili. Mkono ufike mapema, sauti itoke kwa wakati wake. Wengi hufanya kinyume: wanakaa kwenye besi, halafu wanakimbia na kuangukia zile za juu kwa kishindo.

Pedali nayo ina saa yake. Ikanyage mara tu baada ya besi kulia, iachie pale besi inayofuata inapogongwa, kisha ukanyage tena. Ukiiachia mapema, besi inakatika na kipande chote kinabaki bila msingi. Ukichelewa, pau mbili (vile vipimo vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari ya wima) zinachanganyika na kuwa ukungu. Kama unajifunzia kinanda cha umeme kisicho na pedali, tafuta ya kuchomeka kabla ya kitu kingine chochote. Kidole hakiwezi kushika besi huku mkono umeshapanda juu.

Melodia inaingia pau ya 5, tena kwenye pigo la pili. Hesabu kwa sauti. Baada ya pau chache utakuta noti moja iliyoshikiliwa pau nne nzima, na hapo ndipo karibu kila anayeanza huongeza kasi, kwa sababu mkono wa kulia hauna kazi na akili inataka kwenda. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo sawasawa, itakuonyesha. Mimi humwambia mwanafunzi aisikilize noti ile inavyofifia ndani ya piano, badala ya kuingoja iishe.

Neno kwa mliolelewa kwenye kwaya za solfa: kwetu do huhama kufuata ufunguo wa wimbo, lakini kwa Wafaransa do ni C siku zote. Mkisoma maelezo ya Kifaransa kwamba kipande hiki kiko katika ré, maana yake ni D, na wala si noti ya pili ya ngazi. Ukishaelewa hivyo, tazama karibu na mwisho: fa diezi (fa iliyopandishwa nusu hatua) uliyoizoea tangu mwanzo inashushwa na kuwa fa ya kawaida. Nusu hatua tu, na hali yote ya muziki inabadilika. Usiisisitize kwa nguvu. Msikilizaji ataipata mwenyewe.

Kuhusu maisha yake, kuna jambo ninalotaka lijulikane na kila aliyeanza piano ukubwani. Satie aliingia chuo kikuu cha muziki cha Paris, Conservatoire, mwaka 1879, na walimu wake walimwona mvivu asiyefaa. Aliondolewa, akarudi, akatoka tena. Kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kupiga piano kwenye vilabu kama Chat Noir na kuwasindikiza waimbaji. Mwaka 1905, mwanamume wa miaka 39 ambaye rafiki yake, mtunzi Debussy, alikuwa ameshazipangia okestra Gymnopédie mbili, alijiandikisha shule upya, pale Schola Cantorum, kujifunza kaunta-pointi, ufundi wa kuunganisha melodia kadhaa kwa pamoja, akiwa na vijana. Akamaliza mwaka 1908 na cheti chake. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kumpa mtu anayeona aibu kukaa na watoto kwenye mtihani wa noti.

Baada ya Gymnopédie, nenda kwenye Gnossienne ya kwanza, kipande kingine cha Satie. Hapo utakuta karatasi haina mistari ya kugawa pau, na katikati ya noti kuna maneno ya Kifaransa yanayomwambia mpigaji ajiulize, au apige kwa ncha ya wazo. Yachukulie kwa dhati. Yabadilishe mguso wako wa vidole, lakini usiyasome kwa hadhira. Satie mwenyewe, katika kazi yake moja ya mwaka 1914, alikataza maneno yake kusomwa kwa sauti wakati muziki unapigwa. Kisha jaribu Je te veux, walzi (dansi ya mapigo matatu) aliyoitunga kwa ajili ya ukumbi wa nyimbo, ambapo mruko ule ule wa mkono wa kushoto unakuja kwa kasi zaidi. Vexations, ile ya kurudiwa mara 840, iache. Watu wanaoipiga yote kwa kawaida hupokezana.

Satie alifariki mwaka 1925 na haki miliki ya muziki wake imeshaisha, hivyo noti zake zinapatikana mtandaoni bure na kihalali. Angalia tu nakala unayopakua: Gnossienne ya kwanza ikija na mistari ya pau, kuna mtu aliyeiongeza. Tafuta nyingine.