Jibu: Mbegu za tumbaku ya jadi hazioti

Ndugu, umeuliza kwa nini mbegu za tumbaku ya jadi, ile yenye maua ya manjano ambayo Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Marekani na Kanada, huitumia katika sala, hazijaota ingawa ulizifukia vizuri na kuzimwagilia kila siku. Tatizo, kwa maoni yangu, ni huko kuzifukia: mbegu hizo ni ndogo kama chembe za ugoro na huhitaji mwanga, kwa hiyo zitawanye juu ya udongo laini uliokwisha kulowa, uzikandamize kidogo kwa kiganja, kisha uweke trei kwenye beseni lenye maji kidogo ili udongo unyonye kutoka chini, maana maji ya kumwaga huzisomba zote pembeni. Penye joto la nyuzi 21 hadi 27 huota ndani ya wiki moja au mbili. Ukishika majani mabichi vaa glavu, kwani nikotini yake hupenya ngozini.