Bibi Mkunga Anajibu: Simu yasema tarehe 3, kadi yasema 10

*Shikamoo Bibi Mkunga. Hii ni mimba yangu ya kwanza, nina wiki 29. Programu niliyopakua kwenye simu inasema nitajifungua tarehe 3 Machi, kadi ya kliniki imeandikwa 10 Machi, utrasaundi imetoa 17 Machi. Wifi yangu kaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la mama vijacho, na huko nako kila mtu ana lake. Mtandaoni kuna cha kushika kweli, tena cha Kiswahili? – Mama Kijacho, Chanika*

Marahaba mwanangu, na hongera. Tuanze na tarehe, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi.

Muuguzi alikuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, nawe bila shaka ulimwambia 3 Juni. Akaongeza siku 7, akarudi nyuma miezi 3, ikatoka 10 Machi. Hesabu hiyo huchukulia mzunguko wako ni wa siku 28. Programu nyingi huuliza mzunguko ni wa siku ngapi, na ukijaza 21, tarehe inawahi kwa wiki nzima. Fungua uone ulijaza nini. Utrasaundi yenyewe haihesabu siku, inapima mtoto. Ikifanyika miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya kuaminika kuliko zote. Ikifanyika mimba imeshakua inaweza kupishana na ukweli kwa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa watoto wenyewe wameshaanza kutofautiana maumbo. Kwa hiyo tazama kipimo chako kilifanyika lini, mpelekee muuguzi, achague tarehe moja mwende nayo. Kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja wakati wowote, begi liwe tayari wiki ya 36. Ukifika ya 41 bila uchungu, usingoje nyumbani.

Sasa hizo programu. Nyingi zimeandikwa kwa ajili ya mama wa Marekani. Mimba ikiwa changa zinakwambia mtoto analingana na bluberi, tunda ambalo mimi soko la Mgandini hapa Tanga sijaliona. Dozi za SP za kukinga malaria hazizijui, wala kadi yako ya kliniki, ile RCH-4. Hilo si kosa, tumia tu kujiburudisha. Ninazozikataa ni zile zinazodai namba yako ya simu na tarehe ya kujifungua kabla hazijakuonyesha lolote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi makampuni ya maziwa ya kopo yanavyowafuata akina mama kupitia programu, klabu za wazazi mtandaoni na watu mashuhuri wanaolipwa. Tarehe ile ukishawapa, wanajua ni wiki gani utakuwa hoi, matiti yamejaa yanauma, mtoto analia saa nane usiku. Tangazo linaingia hapo hapo. Na hili ni katazo la siku nyingi: kanuni ya kimataifa ya 1981 inazuia kutangaza maziwa hayo kwa umma. Kabla ya kujaza chochote, shuka hadi chini kabisa uone mwenye programu ni nani. Jina lisipokuwepo, ifute.

Cha Kiswahili ninachokisifu ni video za Global Health Media Project. Ni za bure, na zinamwonyesha mama halisi akimweka mtoto titini, mdomo umefunguka hadi wapi, dang'a, yaani maziwa ya kwanza, inakamuliwaje. Kunyonyesha ni jambo la kuona. Maelezo ya maandishi, hata yangu haya, hayakufikishi mbali.

Kuhusu grupu la wifi yako, libakize kwa kuuliza nani ana beseni la mtoto na bajaji gani inaamka usiku. Atakayekutumia dawa ya mitishamba ya kuharakisha uchungu, usimjibu. Baadhi ya dawa hizo hukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na mfuko unaweza kuchanika.

*Bibi, mimi ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Mke wangu yuko Makambako, anajifungua mwezi ujao na huenda nikawa barabarani. Nipakue nini? – Baba Mtarajiwa*

Usipakue kitu. Andika 115 kwenye karatasi kubwa, ibandike mlangoni, na jirani aijue. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kusambazwa nchini kuanzia 2022. Kupiga ni bure. Anayepokea anauliza maswali, anaamua mgonjwa apelekwe kituo gani, na gari la wagonjwa lisipokuwepo anatuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, nauli inalipwa na mfumo. Inamhusu mjamzito, mama hadi siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto hadi siku 28. Maswali yasiyo ya dharura, Wizara ya Afya ina 199, bure vilevile.

Wewe uliye mbali, kazi yako ni kuuliza maswali sahihi ukipiga simu nyumbani. Usiulize "mtoto hajambo?" Utajibiwa hajambo. Uliza: ananyonya vizuri? Viganja na nyayo si za manjano? Mwili hauchemki, wala si wa baridi? Kitovu hakina usaha? Mwambie mama amhesabie pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia, asikadirie. Zikifika 60 ahesabu tena, na zikibaki hapo waende kituoni muda huo huo, wewe utapewa taarifa njiani. Kwa mama, uliza kuhusu damu, homa, na kichwa kinachouma sana huku macho yakiona ukungu. Hilo la mwisho ni dalili ya kifafa cha mimba, na wengi hudhani mama akishajifungua hatari imeisha. Kifafa hicho kinaweza kuja hata siku kadhaa baadaye.