Mikono miwili ya kulia

Juzi shemeji kanipigia analalamika, binti yake yuko form two, anachora balaa, lakini ukimwambia aoneshe watu anaficha daftari. "Kila siku namwambia jiamini, jiamini, hasikii." Nikacheka, maana mi hilo neno niliambiwa miaka minne nzima na halikunisaidia kitu.

Mi naingia form one nimetoka shule ya msingi ya Kiswahili, huku kila somo Kiingereza kasoro Kiswahili chenyewe. Wiki ya pili nikanyoosha mkono kwenye bailojia, nikasema "the heart is pump blood", darasa zima likalipuka na mwalimu nae akacheka. Nikaitwa Pampu mpaka tunamaliza shule. Na jibu nilikuwa nalijua kabisa! Ila mkono sikunyoosha tena hadi form three, watu wakaanza kusema huyu mtoto mzito. Wengi tunaowaita wazito wamenyamaza tu.

Kilichoniokoa ni cherehani ya shangazi, Manzese. Jioni nilikuwa naenda kupinda sketi na kuweka vifungo, Januari si mnajua sare zinavyojaa mpaka chini. Siku moja akaniachia nikate shati la mteja, si nikakata mikono yote miwili ya upande wa kulia! Nilitetemeka jamani. Hakunigombeza wala hakuninyang'anya mkasi, akanipa kitambaa kingine akasema kata tena, afu mama mwenye shati akija utamwambia mwenyewe kwa nini limechelewa. Nikamwambia. Akaguna tu, akasema haya nitapita kesho. Kesho yake akalichukua, shangazi akanipa elfu mbili yangu, nililala nayo chini ya mto.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji, acha kumsifia mbele za wageni, unamtia aibu. Mpe kazi ambayo kuna mtu anaisubiri. Una mgahawa, mwache akuchoree ubao wa menyu, akikosea usikimbilie kufuta, na umlipe hata kama ni kidogo. Na ile "mwenzako kapata A ya fizikia we unachora katuni" naomba iishe leo hii hii.

Afu na kuwatolea watoto mfano wa Samatta, yule mchezaji mpira, mpunguze. Ni kweli kijana wa Mbagala alifika Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa 2020, ila kabla ya hapo kuna African Lyon, kuna Simba, kuna miaka kama 5 Lubumbashi na TP Mazembe, ndo ikaja Genk. Ukimuonesha mtoto ule mwisho tu bila hizo ngazi, anajiona kachelewa maisha na ana miaka 15.

Jana shemeji katuma picha ya ubao. Chapati imeandikwa "chapti", pembeni kuna kuku kavaa kofia ya mpishi. Anasema mkono unamuwasha kuifuta ila wateja wanaipiga picha, na binti kashauliza chaki za rangi zinauzwa wapi.