Tangazo la HD kwa mwenye TV ya chogo

Mei 2014, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Brazil, nilipewa kazi ya kutengeneza tangazo la flati, yaani TV bapa, kwa duka moja la Kariakoo. Sekunde 30, bajeti ndogo, na mwenye duka alikuwa na agizo moja tu: "Watu waione tofauti."

Nikafanya kile ambacho wengi walikuwa wamekifanya kabla yangu. Niliweka picha ya uwanja wa mpira, nikaigawa kwa mstari katikati. Kushoto uwanja umefifia, nyasi kama uji wa kijani. Kulia nyasi unazihesabu jani kwa jani. Chini kushoto tukaandika "TV yako ya sasa", chini kulia "HD", yaani picha yenye nukta nyingi zaidi. Mwenye duka aliipenda, nami nikaipenda. Tangazo likaenda hewani.

Sasa tuangalie lilikuwa linatazamwa kwenye nini. Nyumba nyingi nilizozijua bado zilikuwa na chogo, zile TV nene zenye mgongo, inchi 14 au 21, zimeunganishwa na king'amuzi kilichonunuliwa kwa lazima baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012. Ile picha ya kulia, yenye nyasi za kuhesabika, ilikuwa inaonekana kwenye chogo hizohizo. Kama chogo imeweza kuionesha, basi mtazamaji hana sababu ya kuibadilisha. Na ile ya kushoto haikuwa TV yake hata kidogo. Ilikuwa picha niliyoififisha mimi mwenyewe kwenye kompyuta. Nilimwambia mtu kwamba anachokiona kila siku ni kibovu kuliko kilivyo, kisha nikamuonesha kama kitu kipya kilekile ambacho tayari anacho sebuleni.

Ukitengeneza matangazo, ukiuza TV, au unapanga kununua, naomba ukae na jambo hili kidogo, kwa sababu limenichukua muda kulielewa. Kioo hakiwezi kuonesha zaidi ya uwezo wake. Chochote utakachokirusha kitashuka mpaka kwenye kiwango cha TV ya anayeangalia.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Mbagala. Mwanzoni mwa Juni mwenye duka alinipigia simu: kuna mteja amenunua flati ya inchi 40 baada ya kuona tangazo, anasema si ile iliyotangazwa. Niende na fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone mwenyewe, maana mimi wataniambia macho yamezeeka."

Macho yake hayakuwa na tatizo lolote. Picha ilikuwa mbaya kweli. Wachezaji wamenenepa, mpira umekuwa kama yai, maandishi ya matokeo yana ukungu pembeni. Chogo yake ya inchi 21 ilikuwa pembeni, chini, imefunikwa kitambaa. Aliifunua, fundi akahamishia nyaya, na picha ileile ikatoka safi kabisa. Mzee hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, hapa nimenunua nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, na ndilo ningependa kila anayeuza TV alijue kabla hajachukua hela ya mtu.

King'amuzi chake kilikuwa cha antena, cha kiwango cha kawaida, yaani SD, kimeunganishwa kwa zile nyaya za rangi tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano ndio unaobeba picha, na hauwezi kubeba HD hata ukiunganishwa kwenye TV ya bei gani. Picha ya SD kwa mfumo wetu ina nukta, yaani vidoa vinavyounda picha, 720 kwa 576, jumla 414,720. Flati yake ilikuwa Full HD, nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Gawanya, utapata mara tano kamili. Kwa hiyo katika kila nukta 5 alizokuwa anaziangalia mzee, 1 ndiyo iliyotoka kwenye king'amuzi, na 4 TV ilizikisia yenyewe ili kujaza kioo. Chogo haikulazimika kukisia kitu. Iliundwa kwa ajili ya picha hiyohiyo.

Umbali nao ulichangia. Sebule yake ilikuwa ndogo, kutoka kwenye kochi hadi kwenye TV kama mita mbili. Jicho zima huacha kutenganisha mistari ya picha ya SD ukikaa umbali wa takribani mara sita ya kimo cha kioo. Chogo ya inchi 21 ina kimo cha sentimita 32 hivi, mara sita ni kama mita 1.9. Kwenye kochi lake, chogo ilikuwa mahali pake hasa. Flati ya inchi 40 ina kimo cha sentimita 50, mara sita ni mita tatu. Mzee alikuwa amekaa ndani ya mita hizo, kwa hiyo kila kasoro ilimfikia usoni. Na kwa kuwa king'amuzi kilikuwa kinatoa picha ya umbo la zamani, la nne kwa tatu, na TV imewekwa ivute mpaka ijaze kioo cha kumi na sita kwa tisa, watu wakanenepa. Hilo la mwisho fundi alilirekebisha kwa rimoti, dakika moja. Mengine hayakuwa na rimoti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee angeweza kufaidi HD. Kwa inchi 40 na mita mbili, picha ya HD ingemkaa vizuri sana. Alichokosa ni king'amuzi cha HD, waya wa HDMI unaoweza kubeba picha hiyo, na kifurushi chenye chaneli za HD. Tangazo langu halikutaja hata kimoja. Mechi ya kwanza, Brazil na Croatia, saa tano usiku wa 12 Juni kwa saa za kwetu, aliiangalia kwenye chogo. Flati alikuwa ameirudisha, na mwenye duka, namshukuru kwa hilo, alimpa hela yake yote.

Watu wengi wakati ule walichanganya dijitali na HD, na hawakuwa wajinga. Waliambiwa analojia imekufa, wakanunua ving'amuzi, chenga zikaisha, picha ikatulia. Mtu aliyetoka kwenye chenga miaka yote akiona picha imetulia ataamini ameshafika kwenye HD. Ukija kumwambia "hamia kwenye picha safi," yeye anajua alishahamia. Wengine kinyume chake walidhani chogo haifanyi kazi tena na kuitupa, wakati king'amuzi cha bei ndogo kilitosha.

Naiwazia Zanzibar, ambako televisheni ilianza miaka ya 1970 ikiwa ya rangi. Hakuna aliyelazimika kumtangazia jirani rangi kupitia TV ya nyeusi na nyeupe. Lakini kuanzia flati na HD, kila kizazi cha TV kimetangazwa ndani ya kile kilichotangulia, na kila mara mtangazaji anajaribiwa kufanya nilichofanya mimi.

Tangazo la pili tulilitengeneza Agosti mwaka huohuo, ligi za Ulaya zinaanza. Nilikataa kuonesha kioo. Tukaonesha kochi. Baba na watoto wawili wanaangalia mpira, mtoto ananyanyuka, anakwenda mpaka kwenye TV, anainama kusoma matokeo yaliyo kwenye kona, anarudi, anasema, "Moja moja." Baada ya muda baba mwenyewe ananyanyuka, anainama, anarudi. Basi. Kila mwenye chogo ndogo amewahi kunyanyuka hivyo. Picha hiyo haihitaji HD ili ieleweke, na haimsingizii mtu kuwa TV yake ina ukungu ambao hauoni. Maandishi madogo, namba mgongoni mwa mchezaji aliye mbali, mpira ukivuka upande wa pili wa uwanja, hivyo ndivyo vitu ambavyo SD inavipoteza kweli, na mtazamaji anavijua bila kuoneshwa.

Sekunde nane za mwisho sauti ilisema wazi kwamba ili upate HD unahitaji TV, king'amuzi cha HD na waya wa HDMI, na kwamba dukani watakueleza chaneli zipi ziko kwa HD. Mwenye duka alipinga. "Unawafukuza wateja." Tulibishana jioni nzima. Nilimwambia afadhali mteja aondoke kabla ya kulipa kuliko arudi na boksi kichwani. Akakubali kwa shingo upande, kisha akaanza kuuza waya na ving'amuzi pamoja na TV.

Pale dukani nako kulikuwa na kazi. TV za maonesho zilikuwa zinachezeshwa video kutoka kwenye flashi, maua, kasuku na maji ya bahari, mwanga na rangi zimepandishwa mpaka mwisho. Hakuna nyumba yenye chaneli ya namna hiyo. Nilimshauri aweke TV mbili zinazofanana kwa ukubwa, chaneli ileile ya mpira, moja kwa waya wa njano na king'amuzi cha SD, nyingine kwa HDMI na cha HD, na kiti cha plastiki mbele yake. Mteja anaulizwa kwake anakaa mbali kiasi gani, kiti kinasogezwa hapo, anakaa. Wapo waliokaa mita nne mbele ya inchi 32 na kusema hawaoni tofauti. Walikuwa sahihi, kwa umbali huo na ukubwa huo hakuna jicho la kawaida litakaloiona. Waambie hivyohivyo. Wanaweza kuchukua kubwa zaidi au kubaki na walichonacho, na vyote viwili ni haki yao.

Ukiwa mnunuzi, usiende dukani kabla hujapima kwa futikamba kutoka kichwani pako ukiwa umekaa mpaka ukutani. Kwa picha ya Full HD, chukua umbali huo ugawe kwa tatu, upate kimo cha kioo ambacho jicho lako litafaidi chote. Mara nyingi utapata TV kubwa kuliko mfuko wako, nawe utajua unapunguza kiasi gani. Soma pia boksi. Nembo ya "HD Ready", iliyoanzia Ulaya mwaka 2005, inataka kioo kiwe na mistari 720 tu au zaidi. TV nyingi za inchi 32 zenye nembo hiyo zina nukta 1366 kwa 768. Hiyo si Full HD, ingawa kwa inchi 32 haina ubaya wowote. Kisha mwambie muuzaji achomoe flashi, aweke chaneli unayoiangalia nyumbani. Akikataa, nenda duka la jirani.

Siku hizi chogo zimepungua, lakini tangazo langu la 2014 naliona kila wiki. TV za 4K, zenye nukta mara nne ya Full HD, zinatangazwa YouTube, mstari uleule katikati, upande mmoja umefifishwa, na anayeangalia ameshika simu, ameshusha video mpaka ubora wa chini wa 480 ili kifurushi kisiishe. Simu zinatangazwa kwa kamera zake ndani ya simu nyingine yenye kioo kilichopasuka. Vijana wanaofanya kazi hizi huniletea tangazo wakiwa wamelifungua kwenye kompyuta nzuri ya ofisini, wananiuliza maoni. Huwa nawaomba kwanza walitume WhatsApp kwa mama zao, wakaliangalie kwenye simu ya mama, na wamuulize ameona nini.