Renaissance: Mwamko, Ufufuo au Kuzaliwa Upya?

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Ngome ya Yesu, hapa Mombasa. Wanafunzi wakija huwaeleza kwa Kiswahili, na yote hunitoka vizuri mpaka nifike kwenye usanifu wa Renaissance, zile zama za Ulaya, hasa karne ya 15 na 16, zilizorudia sanaa na elimu ya Wagiriki na Warumi wa kale. Hapo hukwama. Nimesikia wengine wakisema "Mwamko," wengine "Ufufuo," na mwenzangu mmoja hushikilia "Kuzaliwa Upya." Niseme lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Sema Zama za Mwamko. Lakini niruhusu nieleze sababu, maana watoto hao watakuuliza nani alilala hata akaamka, na swali lao litakuwa la haki kabisa.

Jina lenyewe lina mwenyewe. Mwaka 1550, mjini Florence, mchoraji na msanifu majengo Giorgio Vasari alichapisha kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu wa Italia. Humo alitumia neno la Kiitalia, rinascita, yaani kuzaliwa tena. Alidai kwamba sanaa ya Wagiriki na Warumi ilikufa, kisha ikazaliwa tena nchini kwake Toscana, ikaanza kutambaa na wachoraji Cimabue na Giotto hadi ikafikia utu uzima kwa Michelangelo. Vasari alizungumzia sanaa tu. Waliolifanya kuwa jina la zama nzima ni wanahistoria wa karne ya 19: Mfaransa Jules Michelet mwaka 1855, na Jacob Burckhardt wa Uswisi mwaka 1860. Msanifu Filippo Brunelleschi alipokuwa akipandisha kuba la kanisa kuu la Florence, kuanzia 1420 hadi 1436, hakuna aliyemwambia kwamba yumo ndani ya Renaissance.

Sasa tuyapime maneno yako. "Kuzaliwa Upya" ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, na mwenzako ana hoja. Tatizo ni kwamba sikio la Kiswahili likisikia hivyo humkumbuka Nikodemo, aliyeambiwa na Yesu azaliwe mara ya pili katika Injili ya Yohana, kabla ya kumkumbuka mchoraji yeyote. Isitoshe, ni kitenzi-jina, nacho hudai mwenyewe: kuzaliwa upya kwa nani, kwa nini? Jaribu kusema "wachoraji wa Kuzaliwa Upya" mbele ya darasa, utaona jinsi maneno yanavyoburuta miguu.

"Ufufuo" una uzito wa kaburi. Mkristo husikia Pasaka, Mwislamu husikia Siku ya Kiyama. Tena unaleta mkanganyiko katika sanaa yenyewe. Mjini Sansepolcro kuna mchoro wa ukutani wa Piero della Francesca unaomwonyesha Yesu akitoka kaburini, askari wamelala miguuni pake. Jina lake ni Ufufuo. Tukiziita zama zile Ufufuo, itabidi tuseme Ufufuo wa Piero ni mchoro wa Ufufuo, na msomaji atakuwa na haki ya kukasirika.

Hata hivyo usilitupe shina hilo, kwa sababu "ufufuaji" unatufaa mahali pake. Mwaka 1416, msomi wa Italia Poggio Bracciolini aliingia katika maktaba ya watawa huko St. Gallen, Uswisi, akaibua nakala ya kitabu cha Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale. Hapo yupo mtu, kipo kitendo, na kipo kitu kilichofufuliwa. Huo ni ufufuaji wa maandiko, na ukiuita hivyo hukosei.

Lakini nakala ile ilikuwaje pale? Watawa ndio walioinakili, katika karne ambazo washabiki wa Vasari waliziita za giza. Kitabu hakikuwa kimefariki. Kilikuwa kimelala rafuni, na kwa hilo tu nalipenda neno "mwamko" kuliko yote. Hata kulala kwenyewe tusikuzidishe. Kabla ya Giotto kuzaliwa, Chuo Kikuu cha Bologna kilikuwa kikifundisha sheria za Roma, na huko Toledo, Hispania, wafasiri walikuwa wakimhamisha mwanafalsafa Mgiriki Aristotle kutoka Kiarabu kwenda Kilatini pamoja na shereha za Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Andalusia. Mchoraji Raphael alipochora Shule ya Athens pale Vatikani, kati ya 1509 na 1511, aliweka miongoni mwa wanafalsafa mzee mwenye kilemba, na kwa kawaida hutambuliwa kuwa ni huyo huyo Ibn Rushd. Anayekufa hukatika, lakini anayeamka huamka na kumbukumbu za jana. Hapo Kiswahili kinasema kweli kuliko Kiitalia cha Vasari, nami najivunia.

Usiseme "Uamsho," ingawa ni ndugu wa karibu. Uamsho unatokana na kuamsha, hivyo unamtaka mwamshaji, na Afrika Mashariki neno hili limeshashikwa na wahubiri tangu uamsho wa kanisa ulioanzia Rwanda miaka ya 1930. Mwamko unatokana na kuamka, hauhitaji mtu wa kuutenda. Wala usichanganye na Zama za Mwangaza. Hizo, Enlightenment kwa Kiingereza, ni za wanafalsafa akina Voltaire, karne ya 18.

Na kwa nini zama, si enzi? Enzi ina harufu ya utawala, ndiyo maana tuna kiti cha enzi na enzi ya mfalme fulani. Mwamko haukuwa na mfalme. Andika kwa herufi kubwa ukimaanisha kipindi hiki, ili usichanganywe na ule "mwamko wa wananchi" wa magazetini. Ukikuta maandishi yanataja Quattrocento, maana yake "mia nne," jihadhari: Waitalia wanahesabu miaka ya 1400, nasi tunaiita karne ya 15. Nimeshaona tafsiri zilizoandika karne ya 14, na msomaji akapotezwa miaka mia.

Turudi ngomeni kwako, maana mfano bora unao chini ya miguu yako. Vitruvius aliandika kwamba vipimo vya jengo vifuate uwiano wa mwili wa binadamu, na kwamba mtu aliyenyoosha mikono na miguu hutoshea ndani ya duara na ndani ya mraba. Mnamo 1490 Leonardo da Vinci alimchora mtu huyo. Karne moja baadaye Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan aliyewatumikia Wareno, alichora ramani ya ngome yenu, ikaanza kujengwa 1593. Buruji za pembeni na kuta nene zilitokana na hofu ya mizinga, lakini umbo zima linafuata wazo lile lile la mwili wa mtu.

Kwa hiyo waambie wanafunzi hivi: "Ngome hii ni usanifu wa Zama za Mwamko, uliofunga safari kutoka Italia hadi Mvita." Kisha mwambie mmoja wao asimame katikati ya uwanja na kunyoosha mikono, uwafungulie wenzake ramani ya ngome, na uwaache watafute kichwa kiko wapi.