Diwani amesema mashine yangu haitasimama, na kikao hakijakaa. Nifanye nini?

SWALI: Nina kiwanja cha makazi Ilemela, kimepimwa na kina hati. Niliomba kubadili matumizi kiwe cha makazi na biashara ili nifunge mashine ya kukoboa na kusaga. Kabla Kamati ya Mipango Miji haijakaa, diwani wetu, ambaye ni mjumbe wa kamati hiyo, alisema kwenye mkutano wa mtaa: "Maadamu mimi ndiye diwani, mashine hapa haisimami." Mtendaji wa kata naye akarusha picha ya banda langu kwenye grupu la WhatsApp la kata, akaweka na namba yangu ya simu, akaandika kwamba nasagia watu mahindi yenye sumu kuvu. Sijasaga hata debe moja! Watu wanasema shemeji wa diwani ana mashine mtaa wa pili. Halafu mkuu wa wilaya alipita kwenye ziara akasema biashara za namna hii kwenye makazi zifungwe mara moja. Wana haki ya kusema hivyo? Niwashitaki?

JIBU: Pole, dada. Hapo una watu watatu, na sheria haiwapimi kwa kipimo kimoja.

Nianze na diwani, maana ndiye anayeweza kukuharibia kweli. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, na diwani haupotezi siku anapoapishwa. Kupeleka kikaoni kero za kelele na vumbi ndiyo kazi aliyotumwa. Angesema, "Wananchi wangu hawaitaki mashine hii, na nitalisema hilo kwenye kamati," usingekuwa na la kumfanya. Tatizo ni neno "haisimami". Huyu ni mmoja wa watakaopiga kura juu ya ombi lako, na ametangaza kura yake kabla hajaona mchoro, kabla hajasoma taarifa ya wataalamu, kabla wewe hujasikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho". Kamati ya halmashauri ni chombo kinginecho.

Kwa hiyo usitafute namna ya kumfunga mdomo. Tafuta namna ya kumtoa kwenye kiti siku ombi lako linapojadiliwa. Wengi wanakosea hapa: wanaandika malalamiko marefu kwa mkuu wa mkoa, nakala kwa kila mwenye cheo, na yule anayeandaa kikao hapati hata ukurasa mmoja.

Barua yako iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa sababu ndiye katibu wa baraza. Nakala mpe mwenyekiti wa kamati na afisa mipango miji, basi. Taja namba ya kiwanja na kitalu, tarehe uliyowasilisha ombi na namba ya stakabadhi ya malipo. Andika maneno ya diwani kama alivyoyasema, siku, mahali, na majina ya watu wawili au watatu waliokuwepo na walio tayari kuapa. Kisha omba mambo matatu kwa lugha kavu: "Naomba mheshimiwa diwani asishiriki mjadala wala uamuzi wa ombi langu katika kamati na katika baraza, naomba pingamizi hili liingizwe kwenye muhtasari, na naomba nipewe nafasi ya kusikilizwa au kujibu hoja kwa maandishi." Usiweke matusi wala siasa za vyama. Ipeleke masjala, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa mapokezi.

Nimetaja kamati na baraza kwa makusudi. Diwani anaweza kutoka kistaarabu kwenye kamati, kisha akasimama kwenye baraza pale mapendekezo yanapopelekwa na kuyapangua. Pingamizi lisilotaja baraza linaacha mlango huo wazi.

Muda nao una uzito wake. Kamati hizi kwa kawaida hukaa kila robo mwaka, na makabrasha hugawiwa wajumbe mapema, kwa hiyo barua ifike kabla hayajagawiwa. Ukinyamaza hadi uamuzi utoke ndipo uanze kusema diwani alikuwa na upendeleo, utaulizwa: ulijua tangu mkutano wa mtaa, mbona ulikaa kimya? Mtu aliyejua sababu ya kumpinga mwamuzi na akaacha shughuli iendelee anahesabiwa kuwa ameridhia. Hoja hiyo imezika kesi nyingi nzuri.

Suala la shemeji lichukue kwa tahadhari. Maadili ya madiwani yanamtaka mwenye maslahi ayatangaze na akae pembeni. Ukipata ushahidi kwamba diwani mwenyewe au mwenza wake ana fedha zake kwenye ile mashine ya mtaa wa pili, umepata hoja nzito kuliko maneno ya mkutanoni. Ushemeji peke yake utaongeza uzito kidogo, hautabeba mzigo wote, na "watu wanasema" haubebi chochote. Madiwani wamo pia kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na Sekretarieti ya Maadili ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapo Mwanza. Unaweza kulalamika huko, ila fahamu kwamba wao wanamshughulikia kiongozi. Ombi lako litaendelea na safari yake kama kawaida.

Utaambiwa diwani ana kinga ya kusema lolote kikaoni. Kinga ya Ibara ya 100 ni ya Bunge. Diwani hatajwi humo. Na mkutano wa mtaa chini ya mwembe si kikao cha baraza kwa hesabu yoyote ile.

Sasa mtendaji wa kata. Huyu ni mtumishi wa umma, na uwanja wake wa kusema ni mwembamba kuliko wa diwani. Anafungwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni za maadili ya kazi: asipendelee, asionee, asitoe taarifa alizozipata kazini nje ya utaratibu. Hapa amefanya mambo mawili tofauti, na usiyachanganye. La kwanza ni namba yako ya simu. Kama aliitoa kwenye fomu yako ya maombi, ameitumia kwa kazi usiyoitolea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. La pili ni sumu kuvu. Kusema "mashine itatuletea kelele" ni maoni, hata yakikuuma. Kusema unasagia watu mahindi yenye sumu kuvu ni dai la jambo linaloweza kupimwa kuwa kweli au uongo, na linaua biashara kabla haijazaliwa. Hiyo ni kashfa ya madai, yaani ya kudai fidia mahakamani, si ya kumpeleka mtu jela. Usiende polisi ukitaka afungwe kwa kashfa, kwa kuwa marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari yaliiondoa kashfa kwenye jinai. Polisi wangeweza kuangalia Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2015, kifungu cha 16, kuhusu taarifa za uongo, lakini mimi binafsi sikushauri uanzie huko. Utagombana na ofisi ambayo kesho unahitaji saini yake.

Anza na barua ya kumtaka afute na asahihishe kwenye grupu lile lile, ndani ya siku saba, nakala kwa mkurugenzi ambaye ndiye mwajiri wake. Mara nyingi inatosha. Ikishindikana ukaamua kudai fidia kwa alichofanya akiwa kazini, halmashauri itaingia kwenye shauri, na hapo kuna masharti: notisi ya siku 90 kabla ya kufungua, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 ni lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Shauri lililofunguliwa bila hayo linaondolewa hata kabla kashfa yenyewe haijaguswa.

Ushahidi wa simu una utaratibu wake. Picha ya skrini iliyokatwa ikabaki sentensi moja haina nguvu. Piga inayoonyesha jina la grupu, jina na namba ya mtumaji, tarehe na saa, pamoja na ujumbe wa juu na wa chini yake. Hamisha mazungumzo yote kwenye faili, na usifute chochote kwenye simu yenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi huo, ila mahakama huangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika, kwa hiyo aliyepiga picha hizo ndiye atakayeapa kiapo kueleza alifanyaje na kwa simu ipi. Kama rekodi ya mkutano aliichukua kijana wako, kiapo ni cha kijana wako.

Kuhusu mkuu wa wilaya sitakawia. Ana mamlaka yake chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, lakini mamlaka ya upangaji kwenye Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, ni halmashauri. Tamko la kwenye ziara si uamuzi juu ya ombi lako. Likitumiwa kama sababu, yaani ukaandikiwa "umekataliwa kufuatia maelekezo ya mkuu wa wilaya", ihifadhi barua hiyo vizuri sana: halmashauri itakuwa imekiri kwa mkono wake kwamba uamuzi ulifanywa na mtu mwingine.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na dondoo la muhtasari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Soma nani walihudhuria, kama diwani alitoka, na kama barua yako imetajwa. Kama barua ya kukataliwa inaonyesha njia ya rufaa, ipite kwanza, kwa kuwa Mahakama Kuu huuliza kama njia za ndani zimekwisha. Wakati huo huo hesabu siku: ombi la kibali cha kuleta maombi ya kutengua uamuzi wa chombo cha umma lazima lifike Mahakama Kuu, kwako ni Kanda ya Mwanza, ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Watu huandikiana na halmashauri "tunalishughulikia" hadi miezi sita inapita.

Ujue pia unachoweza kupata huko. Jaji hatakupa ruhusa ya kufunga mashine. Akiridhika kwamba uamuzi ulikuwa na upendeleo au hukusikilizwa, atautengua na kuurudisha ukaamuliwe upya na wajumbe wasio na doa. Kwa hiyo ombi lenyewe lazima lisimame kwa miguu yake. Nenda ofisi ya mipango miji uangalie mchoro wa eneo lako na Mpango Kabambe wa Mwanza wa 2015 hadi 2035 vinasema nini. Kama kiwanja kinagusa ufukwe, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na hapo hata diwani akikupenda kama mwanawe haikusaidii. Majirani wanaopakana nawe waandike kama wanaridhia. Saini za wanne wa pembeni zina uzito kuliko arobaini za mtaa wa mbali. Eleza saa za kusaga, ukuta wa upande wa jirani, na vumbi litadhibitiwaje. Pendekeza masharti mwenyewe, kwani mjumbe anayesita huona rahisi kukubali kwa masharti kuliko kukubali tupu.

Na wakati unasubiri, usiwashe. Hata kwa majaribio ya usiku, hata kama leseni ya biashara imeshatoka kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Leseni hiyo haibadili matumizi ya kiwanja, na mashine iliyokutwa inanguruma kabla ya kibali inawapa sababu halali ya kukuandikia notisi ya kusimamisha, sababu ambayo haihusiani kabisa na maneno ya diwani. Motor iache kwenye boksi lake, na banda litumie kama stoo.