Saa nne kamili mtoto awe darasani

Juzi dada mmoja mgeni hapa Houston kanitumia voisi ndefu analia, shule imeandika mwanawe kakosa siku kumi na moja na yeye anaapa kampeleka kila siku. Nikacheka, sio kwa ubaya, ni kwamba hiyo hadithi ni yangu kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza Texas nilikuwa shifti ya usiku, narudi nimechoka, namwogesha mtoto, anakunywa uji, tunafika shule saa nne na robo. Kachelewa, najua, lakini si kafika? Kumbe mahudhurio yanayopelekwa jimboni yanachukuliwa mara moja tu kwa siku, kwetu ilikuwa saa nne kamili, ukikosekana dakika ile basi siku nzima haupo hata ukibaki mpaka kengele ya mwisho. Na jimbo halilipi shule kwa majina yaliyoandikishwa, linalipa kwa wastani wa wanaohudhuria kila siku. Hesabu ilianzia dola 6,160 kwa mtoto tangu 2019, mwaka 2025 wakaongeza 55, ndo hivyo tu. Mama wa ofisini akanisema mbele za watu, "mnatukosesha hela". Uso unanichoma mpaka leo, maana hakuna aliyenieleza kabla!

Sasa kiti cha yule mama wa ofisini nakikalia mimi. Mimi yule wa uji. Mwalimu wa muda akija anapewa rejista ya karatasi na mimi ndo namkumbusha: wino tu, penseli hapana, ile rangi nyeupe ya kufutia hapana, ukikosea piga mstari andika pembeni tia herufi za jina lako.

Kwa hiyo nisikilizeni wazazi. Saa nne. Mtoto ana daktari wa meno? Mrudishe shule siku hiyohiyo na karatasi ya daktari, atahesabiwa yupo, msiende naye kula pizza mkalala. Idi anahesabiwa yupo, leteni barua mapema. Siku ya kiapo cha uraia pia, watu hawajui hili wanaogopa kuomba. Na msinigombeze mimi siku ya shule ikirefushwa, sheria inataka dakika 75,600 kwa mwaka, mapumziko yakiwemo.

Uji tieni kwenye chupa anywe ndani ya gari. Ukimwagika, kiti kitasuguliwa Jumamosi.